Uliza Mwalimu: Jaji Msomali kwenye kesi ya Somalia?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mvuvi wa Lamu. Ile kesi ya mpaka wa bahari kati yetu na Somalia, mmoja wa majaji alikuwa Msomali. Haki iko wapi hapo? Na nani huwachagua watu hao? Tukikataa, watatufanya nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli, Abdulqawi Yusuf ni Msomali na alikaa kusikiliza. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, haimtoi jaji kwa sababu ya uraia wake. Badala yake, upande usio na mtu wake huruhusiwa kuteua jaji wa kesi hiyo tu. Kenya ilimteua Gilbert Guillaume, Mfaransa aliyewahi kuwa rais wa mahakama hiyo hiyo. Ajabu ni kwamba barazani hakuna anayemtaja.

Majaji wa kudumu ni 15, wa nchi 15 tofauti, miaka 9 kila mmoja. Kura hupigwa New York, kwenye Umoja wa Mataifa, Baraza Kuu kivyake na Baraza la Usalama kivyake, na lazima upate zaidi ya nusu kote kuwili. Kura ya turufu, ile ya taifa kubwa moja kuzuia uamuzi peke yake, haifanyi kazi hapo. Mwaka 2017 Baraza Kuu lilimtaka Dalveer Bhandari wa India, Baraza la Usalama likamng'ang'ania Christopher Greenwood wa Uingereza. Kura zikarudiwa na kurudiwa hadi Uingereza ikaondoa jina la Greenwood. Tangu 1946 Uingereza haikuwahi kukosa jaji. Nakiri nilicheka.

Sasa mpaka wenyewe. Tafuta ramani na uzi, kama nilivyokuwa nikifanya darasani. Anza pale mpaka wa nchi kavu unapoingia baharini, karibu na nguzo namba 29, mahali paitwapo Dar es Salam (si ile ya Tanzania). Kenya ilitaka uzi uvutwe mashariki moja kwa moja, ikidai Somalia ilikwisha kubali kwa kunyamaza miaka yote. Majaji wote walilikataa dai hilo, hata Mfaransa tuliyemteua wenyewe. Wakapima mstari ulio umbali sawa kutoka pwani zote mbili. Ukishapita maili 12 za bahari, wakausogeza kidogo kaskazini, maana pwani yetu imeingia ndani na kusini kuna Pemba inayotubana. Tulipata kidogo; Somalia ilipata zaidi.

Kukataa? Kenya ilikubali mamlaka ya mahakama hiyo kwa tamko la 1965. Ililifuta Septemba 2021, wiki chache kabla ya hukumu ya tarehe 12 Oktoba, ilhali Somalia ilifungua kesi 2014. Maji yalikuwa yamekwisha mwagika. Hukumu haina rufaa, lakini mahakama nayo haina askari. Aliyeshinda hupeleka malalamiko Baraza la Usalama, na huko turufu inarudi. Wapo wanaotii: Uganda, ilipoamriwa Februari 2022 kuilipa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo dola milioni 325, ilianza kulipa kwa awamu. Kenya ilisema haiitambui hukumu.

Hata hivyo, Novemba 2025 Kenya hiyo hiyo ilimpigania mwanamke wake, Phoebe Okowa, apate kiti The Hague. Amekipata. Ni kile alichokiacha Abdulqawi Yusuf.