Ukitaka buluu chini ya miti, weka fagio pembeni

Miche yangu ya kwanza ya Omphalodes verna, mmea mfupi unaotambaa wenye maua ya buluu, ilikauka yote kabla kiangazi hakijaisha. Niliipanda chini ya mti unaopukutisha majani, mahali panapoifaa kabisa, lakini kila nilipoona majani makavu yameifunika niliyafagia. Nilidhani naisaidia ipumue. Udongo ukabaki wazi, ukakakamaa, ukapasuka.

Huu ni mmea wa msituni. Asili yake ni misitu ya milimani kusini mwa Ulaya, kuanzia Alpi hadi Romania, ambako majani huozea pale pale yanapoanguka na kuwa mboji nyeusi, laini, yenye unyevu. Mmea wenyewe ni mfupi, kimo chake kama sentimita 20. Huchanua majira ya kuchipua, wakati miti ingali mitupu na mwanga unafika chini; joto linapokaza, kivuli kimeshatanda. Ndiyo maana siupandi chini ya miti yenye kivuli kizito mwaka mzima.

Mara ya pili nilichanganya udongo na mboji ya majani, nikapanda miche kwa nafasi ya sentimita 30, kisha nikaacha majani yaanguke. Yakishikamana yakawa tabaka zito, yapunguze kwa mkono. Mvua ikikawia wakati wa kiangazi, mwagilia maji mpaka yazame, hasa mwaka wa kwanza.

Wengi watakushauri uchague Vinca minor, mmea mwingine unaotambaa na kufunika ardhi, kwa kuwa inavumilia ukame. Ni kweli, lakini ikishashika hufunika kila kitu, na sehemu kadhaa za Marekani inahesabiwa kuwa mmea vamizi. Omphalodes hutambaa taratibu. Mwaka wa kwanza, mmea wangu ulitulia tu. Mwaka wa pili ukatoa vitawi vyembamba vilivyotambaa kama marando, na vifundo vilivyogusa mboji vikaota mizizi. Miche mipya naipata hapo: maua yakiisha, nakata kitawi kilichoshika mizizi na kukihamisha siku hiyo hiyo, kabla hakijanyauka.

Maua yenyewe yatazame umechuchumaa. Kila moja lina upana wa kama sentimita moja, petali tano za buluu iliyokolea, na katikati kiduara cheupe. Jina Omphalodes limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kitovu, kwa sababu ya kishimo kilicho kwenye mbegu. Mimi nilikiona siku nilipoiweka mbegu moja kiganjani.