Maswali na majibu: Hatua za kwanza za kuprogramu PLC

PLC ni kompyuta ya kiwandani inayosoma vitufe na sensa, kisha inaamua mota, vali au taa ipi iwashwe. Haya ni maswali manne ya wanaoanza.

Sina PLC. Nianze na nini?

Anza na lugha ya ngazi (ladder), ambayo programu yake huchorwa kwa mistari kama vipandio vya ngazi. Kiwango cha IEC 61131-3 kina lugha nyingine pia, ila ngazi inafanana na michoro ya umeme wa rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme), na fundi umeme huielewa haraka. CODESYS, programu ya kuandikia PLC, hupakuliwa bure na ina uigaji wa PLC ndani yake, kwa hiyo kompyuta tu inatosha.

Kitufe changu cha kuzima ni cha aina iliyofungwa (hukata umeme kikibonyezwa), na kwenye ngazi nimeweka kontakti (alama ya sharti) iliyofungwa. Mbona mota haiwaki?

Umegeuza mara mbili. Kitufe hicho kisipobonyezwa hupitisha volti 24, na inputi (sehemu ya PLC inayopokea ishara) husoma 1. Kontakti iliyofungwa ya programu, —|/|—, hupitisha pale tu inputi inapokuwa 0. Weka iliyo wazi, —| |—. Mstari mzima uwe hivi: kontakti wazi ya KUWASHA, sambamba nayo kontakti wazi ya MOTA, zifuatiwe na kontakti wazi ya KUZIMA, kisha koili (alama ya autiputi, yaani kinachowashwa) ya MOTA. Ile kontakti ya MOTA ndiyo inayoshikilia saketi kidole kikishaondoka kwenye kitufe.

Tafadhali usibadilishe kitufe kiwe cha aina ya wazi ili tu mchoro upendeze. Waya wake ukikatika, utabonyeza na mota itaendelea kuzunguka. Kwa kitufe kilichofungwa, waya ukikatika inputi hushuka hadi 0 na mota husimama. Kitufe cha dharura nacho kisiachiwe programu ya kawaida: kipitie rilei ya usalama inayokata umeme wa koili ya kontakta (swichi kubwa inayowasha mota).

Sharti la taa kwenye mstari wa 3 limetimia, lakini taa haiwaki. Koili yake ipo pia mstari wa 9.

Mstari wa 9 unaifuta. PLC husoma inputi, hupitia programu kutoka juu hadi chini, ndipo huandika autiputi; mzunguko huo mara nyingi huchukua milisekunde chache tu. Mstari wa 3 umeandika 1, wa 9 ukaandika 0, na taa imepata jibu la mwisho. Koili iwe moja; masharti yote yaweke sambamba kwenye mstari wake.

Taa ya sensa inawaka ikiona kitu, ila inputi haibadiliki.

Soma ubavuni mwa sensa: PNP au NPN? Kwa sensa nyingi za nyaya tatu, kahawia ni +24 V, buluu ni 0 V, nyeusi ni ishara. PNP hutoa +24 V kwenye nyeusi, hivyo komoni ya inputi (ncha yao ya pamoja) iungwe 0 V. NPN huvuta nyeusi hadi 0 V, na komoni iende +24 V. Pima nyeusi na buluu wakati PNP imeona kitu. Ukipata karibu volti 24, sensa ni nzima, kagua komoni. Kama sensa na PLC zina vyanzo tofauti vya umeme, hakikisha 0 V zao zimeunganishwa, maana bila hivyo mkondo hauna njia ya kurudi.