Miezi Sita Bila Riwaya

Kwa zaidi ya miaka kumi sikusoma kitu kingine ila riwaya za upelelezi, ambazo nilizisoma kwa usiku mmoja au mbili na kisha kubadilishana na rafiki yangu wa Mwanga. Ni yeye aliyenipa changamoto ya kukaa miezi sita bila kugusa riwaya, nikisoma ushairi peke yake. Kama nawe unafikiria kuacha kwa muda vitabu ulivyovizoea, ningependa nikueleze nilipokosea, ili usipoteze mwezi mzima kama nilivyoupoteza mimi.

Nilisoma mashairi kwa mwendo wa riwaya. Kila jioni nilimaliza kumi au kumi na mawili, nikitafuta kisa na mwisho wake, na kulipokucha sikukumbuka hata mshororo mmoja, yaani mstari mmoja wa shairi. Nikaanza kuulaumu ushairi kwamba ni mkavu, kumbe sikuwa nimeupa muda wake.

Aliyenitoa hapo ni mzee jirani yetu hapa Ujiji. Nilipomwamkia na kumweleza shida yangu, alinijibu, “Mwanangu, shairi lisome kwa sauti, tena ulihesabu.” Alitandika mkeka, akaleta bakuli la maharage, akanitaka niweke punje moja kwa kila silabi. Shairi la tarbia, yaani lenye mishororo minne katika kila ubeti, kwa kawaida huwa na mizani (ndizo hizo silabi) 16 katika kila mshororo, 8 za ukwapi, nusu yake ya kwanza, na 8 za utao, nusu ya pili. Punje zilipokataa kutimia, ndipo nilipojua kwamba neno “mwezi” lina mizani mbili tu, ilhali “mtumbwi” lina tatu, kwa kuwa ile “m” ya mwanzo hutamkwa peke yake. Jioni ile tulisoma beti tatu tu, na zote tatu ninazo kichwani hadi leo.

Mzee huyo ndiye aliyeniambia kwamba Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi kilichapishwa mwaka 1954, alizaliwa hapa hapa Ujiji mwaka 1924. Mimi nilimjua kwa jina la uwanja wa mpira wa Arusha tu, na niliona haya. Tangu hapo nilisoma kwa hamu ya mtu anayesomewa habari za nyumbani kwao. Kwa hiyo, ukihamia aina ngeni ya maandishi, anza na kinachogusa mahali unapoishi. Msomaji wa Tabora anayetaka kuijaribu historia aanze na watemi wa zamani, Mirambo wa Urambo na Isike wa Unyanyembe, kisha ndipo aende mbali.

Jambo jingine ni kujaribu kuandika kidogo, hata kama hutamwonyesha mtu. Usiku mmoja wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa walipokuwa wamepumzika kwa sababu mwanga wa mwezi huzidi ule wa taa zao, nilikaa na maharage yangu hadi nikapata mshororo huu:

Mwezi ukitoka juu, karabai zinalala.

Ulinichukua karibu saa nzima. Miezi sita ilipokwisha nilizirudia riwaya zangu kwa furaha, ila sasa nikikutana na sentensi iliyopangwa vizuri huwa narudi nyuma na kuisoma tena kwa sauti, na rafiki yangu hulalamika kwamba namcheleweshea vitabu vyake.