Volti 12 na 12, mita inasoma sifuri

SWALI: Shikamoo mzee. Natengeneza redio na amplifaya hapa Mbale. Nimepata transfoma ya zamani ya 240 kwa 12, yenye koili mbili upande wa pili. Nikipima moja moja, kila moja inatoa volti 13 hivi. Nimeziunga mfululizo nipate 24, mita ikasoma karibu sifuri. Je, koili moja imeungua?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiitupe, transfoma yako ni nzima. Koili iliyokatika isingekupa volti 13 ulipoipima peke yake. Hizo 13 nazo zisikutie shaka: 12 ni volti ya koili ikiwa na mzigo, bila mzigo hupanda kidogo.

Tatizo liko kwenye ncha. Koili zote mbili zimezungushwa kwenye chuma kimoja, nawe umeunga mwisho kwa mwisho, kwa hiyo moja ikisukuma mbele nyingine inarudisha nyuma. Geuza nyaya za koili moja tu, mita itasoma 26 hivi. Kisha chukua rangi, tia kidoti kwenye mwanzo wa kila koili.

Kidoti hicho wanafunzi wengi wa umeme hukiona pambo la mchoro, halafu hesabu zinawagomea. Ndicho kinachoamua kama M ni ya kujumlisha au ya kutoa. M ni induktansi ya pamoja, yaani kipimo cha jinsi mkondo unaobadilika wa koili moja unavyozaa volti kwenye nyingine, na hupimwa kwa henri. Mikondo yote miwili ikiingia penye kidoti, volti ya koili ya kwanza ni jωL1I1 + jωMI2 (L ni induktansi ya koili yenyewe, I ni mkondo wake, na jω ni alama ya hesabu za mkondo wa AC, ω ikiwa kasi yake ya kubadilika). Mmoja ukiingia na mwingine ukitoka, jumlisha inageuka kutoa. Ndiyo maana koili mbili za mfululizo zina L1 + L2 + 2M zikisaidiana, na L1 + L2 − 2M zikipingana. Ukipata mita ya henri, pima namna zote mbili. Ukisoma 0.5 na 0.1, tofauti ni 0.4, na robo yake, henri 0.1, ndiyo M. Napenda sana kipimo hiki, hakihitaji kufungua chochote.

Siku utakapotaka kuziunga sambamba upate mkondo mkubwa, hapo nakuomba sana uangalie. Mfululizo ukikosewa unakupa sifuri tu. Sambamba ikikosewa, volti 24 zinasukuma mkondo ndani ya koili zenyewe. Kama waya wote una omu 1, ni karibu ampea 24, na moshi utatoka kabla hujafika kwenye swichi. Unga kidoti kwa kidoti, na kati ya ncha mbili zilizobaki weka kwanza balbu ya lori ya volti 24 uliyohakikisha ni nzima. Ikiwaka, geuza koili moja. Isipowaka, itoe uunge waya.