Ngozi si ngozi, mwanangu

Mwanangu Atu,

Marahaba. Shikamoo yako imefika, pamoja na ule ujumbe wa sauti wenye wimbo ambao nimeusikiliza mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa napepeta mchele, nikadhani umebonyeza pabaya. Ile sauti ilipopanda nikaweka ungo chini.

Unaniuliza: huyu kijana wa Marekani, mwanamuziki wa rap Tyler, the Creator, aliyetoa wimbo wake wa "Noid" Oktoba 2024 na kutia ndani yake sauti ya Mzambia aliyefariki zamani, Paul Ngozi, je, ni haki? Unasema umebishana na wenzako hadi saa nane za usiku, hawa wakiita wizi na wale wakiita heshima, ndipo ukakumbuka kwamba mama yako aliwahi kumwona mwenye sauti kwa macho yake. Unataka nikate shauri. Subiri kidogo.

Kwanza jina. Wimbo aliochukua unaitwa "Nizakupanga Ngozi", umo katika santuri ya bendi yake, Ngozi Family, ya mwaka 1977, ile iliyoitwa 45,000 Volts. Najua masikio yako ya Kiswahili yamesikia nini: kupanga, na ngozi ya mwilini. Mimi pia nilisikia hivyo, na Mjomba wako Ambokile akacheka hadi akashika ukuta. Kwa Chinyanja, lugha ya watu wa Lusaka, ngozi ni hatari, ni ajali, ni balaa. Na kupanga kwao ni kufanya, kutengeneza. Basi huyo mtu anasema, karibu na hivi: nitakuletea balaa. Hilo jina la Ngozi alijipa mwenyewe. Nyumbani kwao alikuwa Paul Dobson Nyirongo. Akaamua kuitwa Paul Ngozi, yaani Paul Hatari, na bendi yake ikawa familia ya hatari. Sasa ukisikiliza tena utaelewa kwa nini gita linalia vile.

Halafu umeandika kwamba ilikuwa bendi ya "chini kwa chini". Hapo nakukatalia. Chini kwa chini ni kwenu mlioko mbali. Kule Lusaka hawakujificha. Rais Kaunda alikuwa ametoa amri kwamba asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia, na gitaa za umeme zilikuwa zimeshawaingia vijana wale mpaka kwenye damu. Wazambia ndio waliokuwa na shaba, nasi wengine tuliwaonea wivu kidogo. Kwenye miji ya migodi, Kitwe na Ndola, santuri za rock za akina Jimi Hendrix na Black Sabbath zilikuwa zinafika, zinachezwa mpaka zinakwaruza. Vijana wakazisikiliza, wakatengeneza za kwao. Mambo hayo yakapewa jina la Zamrock, rock ya Zambia. Wa kwanza kuvuma walikuwa WITCH wa Kitwe, na hizo herufi ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tunakusudia kuzusha fujo". Mwimbaji wao, Emanuel Chanda, watu walimwita Jagari kwa ajili ya Mick Jagger, yule mwimbaji wa Rolling Stones wa Uingereza. Mjomba wako alianza na hao. Lakini alipomsikia Paul Ngozi, Jagari akawekwa kando.

Kuhusu hilo neno panki, ile rock fupi ya makelele na hasira. Umesema wenye maduka ya santuri huko ughaibuni wanaiita panki ya saikedeliki. Naona nusu ya jina inamkaa. Santuri yao ya Day of Judgement ilitoka mwaka 1976, mwaka uleule ambao Ramones, bendi ya panki, walitoa ya kwanza kule New York, kwa hiyo hakuna aliyemwiga mwenzake. Ufupi ulikuwepo, makelele yalikuwepo, na kile kipedali cha fazi kinacholifanya gita liungurume kama msumeno unaokata bati kilikuwepo tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Ila mtu wa panki, kama nilivyoelezwa, anamwimbia asiyempenda. Paul alikuwa anawaimbia majirani zake. Ulevi, kodi ya nyumba, mke na mume waliochokana, mtu aliyedharauliwa kwa umaskini wake. Alichanganya Kiingereza na Chinyanja kama watu wa mtaani walivyozungumza. Mimi ningeuita muziki wa uani, uliopigwa kwa umeme mwingi kupita kiasi.

Sasa nikueleze nilivyomwona.

Mwaka 1977 reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia, ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu ikabidhiwe, na Mjomba wako alikuwa ameajiriwa huko. Unajua habari ya Babu kumtaka awe mwalimu, sirudii. Likizo ya Juni nikaombewa ruhusa niende kumwona. Nilipanda treni Mbeya na kapu la viazi vya Tukuyu, tukapita Tunduma, tukapita Kasama na Mpika, tukashuka Kapiri Mposhi, maana reli inaishia hapo. Kutoka Kapiri ni basi hadi Lusaka. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nywele zimesukwa kwa uzi, na gauni la kwaya ndilo gauni langu zuri peke yake, lile la samawati lenye kola nyeupe. Ndilo nililovaa Jumamosi ile.

Onyesho lilikuwa mchana. Ukumbi wa mtaa, paa la bati, madirisha juu kabisa. Nilitarajia kundi kubwa kama bendi zetu za dansi, matarumbeta na waimbaji wanne waliovaa sare. Nikaona watu wachache sana. Ngoma, besi, gita. Nikamwuliza kaka yangu wengine wako wapi. Akaniambia nyamaza usikilize.

Atu, nilipigwa kifuani. Sisemi kwa mfano. Ile sauti iliingia kupitia miguuni kwenye sementi, ikapanda, nikashika kola yangu kana kwamba itachanika. Bati la paa likawa linaitikia. Nilikuwa nimeimba kwaya tangu nikiwa na miaka tisa, najua sauti nne zinavyokaa pamoja, na hapa palikuwa na sauti moja inayojaza nafasi zote nne. Kisha akainua gita hadi kinywani na kulipiga kwa meno. Wasichana wa pale wakapiga vigelegele kama harusini. Nami nikapiga. Binti wa mwinjilisti, na gauni la kwaya. Sijawahi kujuta kigelegele kile, na nimeshakuwa mzee wa kanisa.

Nilipoondoka, Mjomba wako alinipa santuri ya Day of Judgement. Hakunipa iwe yangu. Alikuwa anahamishiwa Mpika, chumba anakwenda kushirikiana na watu asiowajua, akasema, "Nitunzie. Nitaifuata Krismasi." Nikaifunga ndani ya kanga, nikailalia njia nzima.

Unajua imani yangu, nimekuimbia tangu ukiwa mdogo hadi umeichoka: muziki ni wa mwenye kuutunza. Nilikuambia hivyo ulipotupa zile kanda za Baba yako. Nilikuambia tena mlipouza kinanda. Sasa sikiliza nilipoipata hiyo imani.

Gramafoni ilikuwa kwa mwalimu jirani yetu, ya betri. Siku moja Babu yako alikwenda mkutano wa wazee, mwalimu akaniazima, nikaifungulia sebuleni. Sikujua kwamba mkutano umeahirishwa. Babu alisimama mlangoni kwa muda mrefu. Hakufoka. Unamjua, hakuwa mtu wa kufoka. Alichukua jalada, akasoma maneno ya juu kwa Kiingereza chake cha polepole: Siku ya Hukumu. Akaniuliza, "Hawa wanaoichezea siku ya hukumu ni watu gani?" Nikanyamaza. Akauliza, "Hii ni ya nani?"

Nikasema ni ya kaka. Nikaongeza, bila kuulizwa, kwamba mimi sijui hata kilichomo, nilikuwa naijaribu tu gramafoni.

Akaitoa kwenye gramafoni, akanipa mkononi. "Kama si yako na hujui kilichomo, ivunje." Akakaa kitini kusubiri.

Santuri haivunjiki kama sahani ya udongo. Inapinda kwanza. Unaiweka gotini unakandamiza, inakunja mgongo kama mtu anayesujudu, unafikiri itakataa, kisha inalia mara moja. Kile kishindo chake nakisikia hadi leo kuliko nyimbo zote zilizokuwa ndani. Babu akaenda zake kunawa. Jalada akaliacha mezani, gumu, zuri, karatasi ya kazi. Ndilo lile, Atu. Lile mnalotilia vyeti vya ubatizo, lililo chini ya sanduku, ambalo wewe na kaka yako mlikuwa mnapepea moto wa mkaa nalo nikiwagombeza nanyi mkishangaa mama anagombea boksi.

Kwa hiyo unaponiuliza kama kijana wa California ana haki ya kuchukua sauti ya Paul Ngozi, naanza kujibu na goti linaniuma.

Nifikiri nawe. Paul alifariki mwaka 1989. Hakuna wa kumwuliza kama anaridhia. Jagari yeye amejaliwa kuishi. Wenzake wote wa mwanzo katika WITCH walitangulia, yeye akafundisha muziki, akachimba vito, na watu wa nje walipozitoa upya zile santuri wakamkuta yuko hai, akarudi jukwaani, na mwaka 2023 wakatoa santuri mpya, Zango. Mtu aliye hai anaweza kusema hili ndiyo na hili hapana. Paul hana nafasi hiyo. Hilo linanifanya nitake kusema si haki.

Lakini tena. Ni nani aliyemtupa? Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ile ya sabini, fedha ikaisha mifukoni, watu wakaacha kununua santuri wakawa wanadurufu kanda. Vita vya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, vikaleta zuio la kutembea usiku, maonyesho yakahamia mchana. Ikaja disko. Yakaja maradhi, yakawazoa wanamuziki kama mafuriko yanavyozoa kuni. Na katikati ya hayo yote wako watu kama mimi, tuliopewa santuri tuitunze tukaivunja ili baba asitukasirikie. Kule Los Angeles kuna watu walioitafuta Day of Judgement wakaitoa upya, nikaisikia tena kwenye simu yako miaka minne iliyopita, uliponiuliza mbona nalia. Nilikuambia ni vitunguu. Muziki ni wa mwenye kuutunza, na waliomtunza si sisi.

Lakini kutunza si kumiliki. Mimi nilitunza mtoto wa dada yangu miaka sita na hakuwa wangu. Basi nami nimejikwaa kwenye imani yangu mwenyewe, na nimeikalia miaka yote hii nikidhani ni kigoda.

Nimesikiliza tena jinsi alivyomtumia. Hakumkatakata hadi asijulikane. Amemwacha aimbe, kwa Chinyanja chake, na gita lake likanguruma kama lilivyonguruma kwenye bati lile. Mamilioni ya vijana wanatamka neno ngozi bila kujua ni nini. Ukinibana sana, ukinishika mkono kama unavyofanya, ningesema… Hapana. Wenye kusema ni watoto wake na wajukuu zake, wale waliobaki na jina la Nyirongo. Kama wamepata haki yao, hilo ndilo swali, nawe na wenzako muulizieni hilo kabla hamjabishana tena. Mimi ulimi unanisukuma, lakini naumeza.

Umesema unataka kuninunulia ile santuri iliyotolewa upya uje nayo Krismasi. Njoo nayo. Jalada usilete, ninalo.

Mjomba wako nimemwalika, atashuka kutoka Mbeya tarehe ishirini na tatu. Ile Krismasi ya 1977 alikuja kuifuata kama alivyoahidi, nami nikamwambia ilivunjika ndani ya treni, kapu lilianguka. Akasema haidhuru. Ameamini hivyo hadi leo, na kila mara akipanda treni huniambia nifunge vizuri mizigo. Kwa hiyo ukifika kabla yake, santuri iweke chumbani kwangu, juu ya kabati, usiifungulie. Nataka niongee naye kwanza.

Mama yako