Blanketi Langu Linafumulika

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: ni kitu gani unachokitengeneza kwa mikono yako nyumbani ilhali madukani kimejaa, tena pengine kwa bei ya chini, na kwa nini huachi? Mimi nashona mablanketi ya viraka na kusuka mazulia ya matambara. Naishi Njombe, ambako mwezi wa sita na wa saba baridi inapenya hadi chini ya mlango, kwa hiyo vitu hivi kwangu si mapambo. Vinalaliwa na kukanyagwa. Siachi kwa sababu nilichokishona naweza kukifumua, na kitu kinachofumulika kinatengenezeka. Blanketi la dukani, lile la manyoya laini lenye picha ya chui au maua makubwa, likitoboka ndiyo basi tena. Ukilishona panabaki kovu gumu, na haupiti muda linaishia kufunikia matenga ya nyanya.

Kazi yenyewe haianzi na sindano. Inaanza na kuomba, kuchagua na kufua, na huko ndiko sehemu kubwa ya siku zangu inakokwenda. Mafundi wawili watatu wa sokoni wananiwekea mabaki kwenye kiroba. Msimu wa harusi ukifika kiroba kinajaa haraka, maana kila kamati ina sare yake, na fundi anayeshona magauni ya kitenge ya kundi zima anabaki na vipande vya rangi ileile: pembe za kwapa, miduara ya shingo, vitambaa vyembamba vya pembeni. Vingine natoa kwenye mitumba, zile nguo za mwisho wa belo ambazo muuzaji anazimwaga kwenye turubai na kuzitangazia bei moja. Hapo natafuta mashuka, mashati ya pamba ya wanaume na fulana nzito. Shati kubwa la mwanaume lina mgongo mpana, na mgongo hauchakai upesi kama kola na viwiko.

Lebo nyingi huwa zimekatwa, kwa hiyo napima kwa moto. Nachomoa nyuzi chache kwenye upindo, nazishika kwa kibano juu ya sahani ya bati na kuziwashia kiberiti. Pamba inawaka upesi, inatoa harufu ya karatasi na kuacha jivu jepesi linalosagika vidoleni. Polyesta inajikunja kuukimbia moto, inayeyuka, na ikipoa inaacha punje ngumu ambayo huwezi kuiponda. Kitambaa cha mchanganyiko kinaacha jivu lenye chembe ngumu ndani yake. Pamba naiweka kwenye fungu la mablanketi. Polyesta, hasa jezi za mpira, naipeleka kwenye mazulia ya sebuleni, lakini si kwenye zulia la kutokea bafuni, maana hainywi maji. Ukilikanyaga na miguu mibichi maji yanabaki juu, na mzee wa nyumba anateleza.

Kufua nako kuna mambo yake. Kitenge kipya kina wanga, na nyekundu au bluu iliyokolea hutoa rangi kwenye maji ya kwanza, ya pili, mara nyingine hata ya nne. Nikimaliza kusuuza nabana kitambaa cheupe kilicholowa juu yake. Kikinyanyuka na rangi, narudia. Wengi wanasifu chumvi au siki. Mimi naamini maji mengi na uvumilivu, kwa sababu nimewahi kuona blanketi zuri la jirani, lenye viraka vyeupe alivyovipanga kwa uangalifu mkubwa, likigeuka waridi lote kwa kufuliwa mara moja. Inauma kuangalia.

Muda wa kazi hii ni ule ambao nyumba yenyewe inakuachia. Watoto wakishakwenda shule na maharage yakiwa motoni, nakaa kwenye kigoda nakata fulana. Nakata chini ya kwapa kwa mstari mmoja, nabaki na kitambaa cha mviringo kilicho wazi juu na chini. Kutoka upindo wa chini naingia na mkasi kwa upana wa vidole viwili, halafu nazunguka bila kukatiza, mzunguko juu ya mzunguko, hadi fulana nzima iwe utepe mmoja mrefu. Kisha nauvuta kwa nguvu, pima kwa pima, nao unajiviringisha wenyewe, kingo zilizokatwa zikifichika ndani. Shati halivutiki namna hiyo. Hilo nalikata kidogo ukingoni na kulichana kwa mikono, likafuata uzi wake, na nyuzi zinazochomoka naziweka za kujazia mito. Kuunganisha tepe sihitaji sindano: natoboa kijitundu kwenye ncha ya kila utepe, naingiza mmoja ndani ya mwingine, napitisha mkia wote na kukaza. Fundo linalobaki ni bapa, haliumizi unyayo.

Kusuka ni mkia wa tepe tatu kama wanavyosuka nywele, na mkia huo unazungushwa na kushonewa pembeni mwake. Hapa sina mengi ya kusema, maana mkono ukishazoea unaweza kusuka huku unazungumza na wageni.

Blanketi ndilo linalodai nyumba nzima. Tabaka la chini ni shuka, la kati ni blanketi kuukuu au kanga mbili tatu zilizochoka, la juu ni viraka vilivyokwisha kuungwa. Nalitandaza sebuleni Jumapili baada ya ibada, meza ikiwa nje na viti vimebebanishwa, na napiga bandi, yaani mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukianza pembeni kuja katikati, ulegevu wote wa kitambaa unakutana katikati na kufanya mkunjo usioondoka hata kwa pasi. Bandi ikishashika matabaka yote, ndipo cherehani inapoingia. Yangu ni ya miguu, na umeme ukikatika inaendelea. Natumia sindano namba 16, kwa sababu pale pembe nne za viraka zinapokutana kunakuwa na tabaka nyingi na sindano nyembamba inavunjika. Kila nikimaliza nafungua kibati kilicho chini ya sindano na kutoa vumbi la pamba kwenye meno yanayosukuma kitambaa kwa brashi, naweka tone la mafuta, nashona kitambaa chakavu mpaka mafuta yaache kutoka. Mshono wangu ni mrefu kidogo kuliko wa gauni. Mafundi wananiambia nikaze. Sikazi, maana siku ya kufumua lazima wembe upate pa kuingia.

Na siku hiyo huja. Bibi mmoja wa mtaa wa juu aliniletea blanketi nililomshonea binti yake. Cheche ya mkaa ilikuwa imeliangukia usiku, ikatoboa viraka viwili na kuunguza tabaka la kati. Alilifungua mapajani mwake, akaniitikia shikamoo, akauliza, "Mwanangu, limekufa?"

"Halijafa, bibi. Limeumia hapa tu."

Nilikata nyuzi za juu kuzunguka viraka vile viwili kwa wembe, nikavinyanyua kama mlango, nikaondoa pamba iliyoungua na kuweka kipande cha blanketi kingine saizi ileile, nikakitia mishono mikubwa ya kukishikiza. Shuka la chini lilikuwa na tundu dogo, nikalitia kiraka kwa nyuma. Juu nikaweka vitenge viwili vya rangi aliyochagua mwenyewe kwenye kiroba, maana alikataa kijani changu. Alikaa mpaka nikamaliza. Cheche za usiku uleule zilikuwa zimeliangukia na blanketi la manyoya la mjukuu wake: pale zilipotua, manyoya yameyeyuka na kuganda, makali ya kukwaruza ngozi. Hilo sikuweza kulifanyia lolote zaidi ya kukata sehemu nzima na kumshonea mtoto kizibao kwa kitambaa kilichosalia. (Naomba niwaambie wasomaji wa mikoa ya baridi: jiko la mkaa lisilale ndani na watu. Hewa yake mbaya haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini.)

Nimesikia mara nyingi kwamba viraka ni alama ya ufukara, na wapo wanaoona aibu kumtandikia mgeni blanketi la viraka wakati la manyoya limo kabatini. Napingana nao kwa moyo wote. Kanga, ambayo leo hakuna harusi wala msiba inakokosekana, inasimuliwa kuwa ilianzia kwenye kuunga vipande. Katikati ya karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walinunua leso za mraba zilizokuja zimechapwa kwenye jora, wakazikata sita sita, wakaziunga tatu juu na tatu chini, wakapata vazi ambalo hakuna mfanyabiashara aliyekuwa akiliuza. Baadaye ndipo wenye maduka walipoagiza kitambaa kichapwe kizima. Wale wanawake walikuwa watu wa kujipamba, waliokuwa na macho ya kupanga rangi. Hawakushona kwa kukosa.

Ng'ambo ya Bahari ya Hindi, kwenye jimbo la Karnataka nchini India, wapo Wasidi, kizazi cha Waafrika waliovushwa bahari, wengi wao wakiwa watumwa waliopitia Goa enzi za Wareno. Wanawake wao wanashona mablanketi ya viraka wanayoyaita kawandi, na namna yao ni kinyume cha yangu. Hawaungi viraka kwanza. Wanatandaza kitambaa cha chini, mara nyingi sari iliyokwisha kuvaliwa, wanaanzia kwenye ukingo, wanakunja kingo za kila kiraka ndani na kukishona kwa mkono moja kwa moja hadi chini, wakizunguka kuelekea katikati. Kwenye pembe nne wanatia vipande vya kukunjwa, vya pembetatu, wanavyoviita phula, yaani maua, na bila hayo kazi haihesabiki kuwa imekwisha. Nimeshona vitandiko vya watoto wachanga kwa namna hiyo, bila cherehani kabisa. Mishono inakwenda kama mawimbi, na kiraka kimoja kikichakaa unashonea kingine juu yake pasipo kugusa majirani zake. Nikifikiria kwamba pengine bibi zao walipandishwa jahazini kutoka mwambao huu wetu, na huko walikofika mikono yao ikaendelea kuunga vipande, nashona nikiwa na heshima kubwa zaidi kwa kazi yangu.

Kuhusu bei, ambayo ndiyo nusu ya swali lenu: ndiyo, blanketi langu linaweza kuzidi la dukani. Mteja akilalamika kwamba ni "vitambaa vya kuokota tu", nampa kiroba akifungue, akichague na kukifua, arudi tuzungumze. Wanaoelewa hunipunguzia kazi wao wenyewe. Wananiletea mashuka yao ya zamani, kanga za mama zao, sare za harusi ya dada yao, nami nadai ufundi tu na uzi. Wengine hulipa kwa debe la viazi, na nalipokea. Ninachokikataa ni kununua kitenge kipya dukani kisha kukikatakata vipande ili kifanane na viraka. Wapo wanaoniagiza hivyo kwa sababu ya picha walizoziona, na huwa nawaomba wakivae kwanza, waniletee kikishachoka. Kitambaa kilichovaliwa na kufuliwa mara nyingi kimekwisha kusinyaa na kutoa rangi. Hakitakuletea balaa ndani ya blanketi.

Kwa msomaji anayetaka kuanza, asianze na blanketi. Aanze na zulia la mlangoni, la fulana tano au sita, kwa mkasi mkali, sindano ya kushonea magunia na uzi wa katani au wa nailoni. Asuke mkia kidogo, aanze kuuzungusha akiwa ameulaza mezani, si mapajani, kwa sababu mapajani zulia linachukua umbo la goti. Kila mzunguko mpya ni mrefu kuliko uliotangulia, kwa hiyo mkia wa nje usivutwe. Uachwe ulegee kidogo kwenye kila kona, na sindano iruke tundu moja la mkia wa nje mara kwa mara ili upate nafasi. Kingo zikianza kunyanyuka, afumue mizunguko miwili ya mwisho na kuishona upya akiwa ameilegeza. Asiendelee mbele akitumaini kwamba kukanyagwa kutalinyoosha. Halinyooki.

Msomaji wenu,
Njombe