Mshauri aliniuliza kuhusu saa kumi jioni

Kwa miaka tisa nilitafuna muguka, majani ya kuchangamsha ya jamii ya miraa, nikiendesha lori kutoka Nakuru hadi Malaba. Nilianza kwa sababu ya usingizi. Usiku wa manane pale Timboroa, ukungu umetanda na breki za wenzako zinanuka, majani ya shilingi hamsini na njugu kidogo huonekana kama rehema. Mwishowe nikawa natafuna hata siku zisizo na safari, macho makavu hadi saa tisa usiku, mke wangu akinisikia nikiongea peke yangu sebuleni.

Nilipokubali kwenda kutafuta matibabu, nilitaka kidonge. Nilikuwa nimesikia kuwa wanaotumia heroini hupewa methadoni, dawa ya kuwapunguzia hamu. Nikaambiwa kwamba kwa vichangamshi, iwe muguka, kokeini au methi, dawa ya namna hiyo iliyothibitishwa bado haijapatikana. Tiba inayotegemewa ni mazungumzo. Nilikasirika sana. Maneno nilishapewa na mama, na mchungaji, na tajiri wa lori, na kila mmoja aliondoka akiniacha na muguka wangu mfukoni.

Mshauri niliyepelekwa kwake hakunihubiria. Aliniuliza: jana, kabla ya jani la kwanza, ulikuwa wapi, saa ngapi, na moyoni mlikuwa na nini? Akanipa daftari niandike hivyo kila siku. Baada ya wiki mbili tulilisoma pamoja, na hapo ndipo nilipojijua. Hamu haikuwa ikianza usiku barabarani. Ilianza saa kumi jioni, wakati tajiri alipozoea kupiga simu kuuliza mzigo umefika wapi. Miaka yote ile nilidhani napigana na usingizi, kumbe nilikuwa natafuna hofu.

Kuanzia hapo vikao vikawa kazi. Alinifundisha kwamba hamu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa usipoilisha. Tulikaa nayo mle ofisini, nikimweleza inaponishika: kwenye taya, kwenye vidole. Tuliigiza pia, yeye akiwa mchuuzi wa muguka pale Salgaa, wanakosimama madereva wa malori, na mimi nikikataa, mara tano, mara sita, hadi maneno yakakaa mdomoni. Siku rafiki aliponinyooshea mfuko, nilisema "nimeacha, nipe maji" kabla sijawaza. Halafu kuna kopo: kila siku safi tulitia shilingi mia mbili, na Jumapili watoto wakala nyama kwa pesa hizo. Nje ya nchi kuna vituo vinavyompa mgonjwa tuzo kila mkojo wake unapopimwa ukawa safi, na kwa vichangamshi njia hiyo imeonyesha matokeo mazuri sana.

Ndugu yangu unayetaka kuanza, jiandae kwa siku za kwanza. Mimi nililala karibu siku nne, nikala kama niliyetoka jela, kisha ikaja huzuni nzito. Huzuni ikikufikisha mahali pa kufikiria kujiua, usingoje siku ya kikao. Mwambie mtu na uende hospitali siku hiyo hiyo. NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana laini ya bure, 1192.

Na ukiteleza? Wiki ya saba nilitafuna usiku kucha, nikaamua sirudi tena kwa mshauri kwa aibu. Mke wangu ndiye aliyenipeleka, karibu anibebe. Nilitarajia kufokewa. Mshauri alifungua daftari tu, akauliza: ilikuwa saa ngapi? Nawasihi sana, kikao cha baada ya kuteleza ndicho msikikose kwa vyovyote.

Chagua mshauri aliyesajiliwa. Hapa Kenya sheria ya washauri ipo tangu 2014, kwa hiyo kuuliza si utovu wa adabu. Akianza kukugombeza siku ya kwanza, au ukisikia habari zako mtaani, tafuta mwingine.

Siku hizi naendesha mchana, Nakuru hadi Kisumu. Saa kumi ikinikuta Kericho au Ahero, naegesha lori, nanunua chai, nampigia tajiri kabla hajanipigia.